Utitiri wa Songambele wasio na majina

Ndugu msikilizaji, na wewe ndugu msomaji unayekutana na mazungumzo haya gazetini, leo naanza kwa kuomba radhi. Miaka michache iliyopita, katika kipindi hiki hiki, nilizungumzia wadudu waharibifu wa nyanya. Niliwataja viwavi, nikawataja inzi weupe, na katika orodha hiyo hiyo nikawatia utitiri wekundu, wale wanaofuma utando mwembamba chini ya jani. Nikamaliza kwa kumshauri mkulima anunue dawa ya wadudu na kupulizia mapema. Maneno hayo niliyatamka kwa ile sauti yetu nzito ya redio, kisha nikaenda zangu kunywa chai.

Baba yangu mdogo alikuwa akisikiliza. Anaishi kata ya Songambele, wilayani Kyerwa, ile wilaya iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Ana kibanja cha migomba na kahawa, na bustani ya nyanya bondeni. Kwa kuwa aliyesema redioni ni mtoto wake, hakuuliza mara mbili. Alinunua dawa, akapulizia kama nilivyoagiza. Baada ya majuma mawili majani yaligeuka manjano, utando ukawa mwingi kuliko mwanzo, na bustani ikaenda.

Hakunipigia simu. Alisubiri hadi nilipokwenda kumsalimu.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba mwanangu. Karibu. Leo utakula ugali kwa maharage, maana nyanya ulizimaliza mwenyewe kutoka studio."

Kosa langu lilikuwa hili: utitiri si mdudu. Mdudu, kwa maana ya wataalamu, ana miguu sita. Utitiri aliyekomaa ana miguu minane, na ndugu zake ni buibui, nge, kupe na papasi. Dawa nyingi zilizotengenezwa kuua wadudu hazimwui utitiri, au humwua kidogo tu. Zinachoua vizuri ni maadui zake, yaani vile vidudu vidogo ambavyo kazi yao ya kila siku ni kumla yeye. Ukishawaondoa askari, mwizi hahitaji kuvunja mlango. Kwa hiyo baba mdogo alilipa fedha yake kuwafugia utitiri, na aliyempa ushauri ni mimi, mwenye diploma ya uandishi wa habari ambayo, nakiri, haikuwa na somo la kuhesabu miguu.

Tulipomaliza kula alinichukua kibanjani. Wasomaji wa mjini ambao hawajafika Kagera niwaeleze kwamba kibanja hakifanani na shamba la kawaida. Ni migomba inayoizunguka nyumba, na kahawa, maharage na miti ya matunda ndani yake, na kimeishi vizazi kadhaa kwa kulishwa. Nyasi hukatwa nje, kule kwenye mbuga ambako Wahaya huita rweya, zikabebwa kichwani na kutandazwa chini ya migomba. Juu yake huongezwa majani makavu ya migomba yenyewe, samadi, maganda na majivu ya jikoni. Udongo wa mbugani ni maskini. Wa kibanjani ni mweusi na laini. Tofauti hiyo imetengenezwa na watu, mzigo kwa mzigo.

Baba mdogo aliinua tabaka la majani yaliyooza kwa jembe, akanionyesha vitu vinavyotembea. Vingine vilikuwa vidogo kuliko chembe ya mchanga.

"Na hawa nao," akauliza, "ni wale wale walionimalizia nyanya? Mwenye duka ananiambia ninyunyizie dawa ya chengachenga chini ya migomba kwa ajili ya fukusi, na itasafisha na takataka hii yote."

Sikuweza kumjibu. Nilikuwa nimeshajibu mara moja bila kujua, na nyanya zilikuwa zimekwisha.

Nilichofanya ni kumwambia tuwatoe tuwaone. Njia yenyewe ni ya zamani na haina gharama. Mwitaliano Antonio Berlese aliibuni mwaka 1905. Unaweka majani na udongo ndani ya faneli yenye wavu, unapasha joto, na vidudu vinavyopenda giza na unyevu vinakimbia kwenda chini hadi vinaangukia katika chombo chenye spiriti. Berlese alizungushia faneli yake maji ya moto. Mwaka 1918 Mswidi Albert Tullgren akaweka taa juu yake, na hadi leo maabara nyingi duniani hufanya hivyo. Sisi tulikata chupa ya plastiki ya maji, tukageuza sehemu ya juu ikawa faneli, tukatega kipande cha chandarua kilichochakaa. Taa ya sola ya baba mdogo ni ya kisasa mno, haitoi joto, kwa hiyo tuliitegemea paa la bati na jua. Kwa kuwahifadhi, baba mdogo alipendekeza pombe ya ndizi. Nilimweleza kwamba rubisi ni dhaifu, watalewa tu na kisha kuoza. Tukatumia spiriti ya duka la dawa.

Jioni ya siku ya pili tulimimina chombo katika sahani nyeupe na kuchungulia kwa lenzi ya mkono. Walikuwapo weupe wenye miguu sita na mkia unaokunjwa tumboni, ambao wakiwa hai huruka kama viroboto; hao si utitiri. Walikuwapo wa rangi ya maziwa na chai, wenye miguu mirefu, ambao tulikuwa tumewaona majanini wakikimbia hovyo. Hao ni utitiri wawindaji. Na wengi kuliko wote walikuwa viduara vya kahawia vinavyong'aa, wenye gamba gumu kama kobe. Hao wataalamu huwaita Oribatida. Kwa mazungumzo ya leo niwaite utitiri kobe.

Utitiri kobe hawaumi mtu, hawanyonyi jani bichi. Chakula chao ni majani yaliyokufa na ukungu unaoota juu yake. Wanatafuna, wanapasua, wanaacha choo kilichosagwa ambacho bakteria na ukungu hukimalizia, na wakitembea wanabeba mbegu za ukungu kutoka jani hadi jani. Katika udongo wa msitu mita moja ya mraba inaweza kuwa na makumi ya maelfu yao. Duniani wamekwisha kupewa majina kiasi cha spishi 11,000, na kila mtaalamu wa kazi hii anakubali kwamba waliobaki bila jina ni wengi.

Nilirudi mjini na kichupa changu. Mwalimu mmoja wa baiolojia wa shule ya sekondari alinikubalia kutumia hadubini yake. Tulikaa naye saa tatu. Tuliweza kusema huyu ni kobe, huyu ni mwindaji, lakini tulipojaribu kwenda mbele zaidi ya hapo tukakwama. Na hapa ndipo nilipoanza kuelewa kazi ya watu ambao maisha yao yote ni kumtofautisha kidudu na kidudu.

Fikiria, ndugu msomaji, umempata utitiri ambaye hufikirii kwamba amewahi kuelezwa. Ana urefu wa nusu milimita, au chini ya hapo. Gamba lake ni la giza, huoni kitu. Kwanza unamloweka katika asidi ya laktiki, siku kadhaa au majuma, mpaka gamba linakuwa angavu kama chupa ya soda. Kisha unamweka katika kioo chenye kishimo, umfunike nusu, ili uweze kumviringisha kwa kusukuma kifuniko polepole: mgongo juu, tumbo juu, ubavu. Ukimgandamiza amepasuka, na kama alikuwa mmoja tu, basi.

Halafu unahesabu vinyweleo. Usicheke. Kila kinyweleo mgongoni mwa utitiri kobe kina mahali pake na alama yake ya herufi, kama namba za nyumba katika mtaa uliopimwa. Jozi ngapi mgongoni? Jozi ngapi kwenye vile vijilango viwili vya uzazi tumboni? Ni laini au vina miiba? Kuna vinyweleo viwili vya pekee vinavyoota ndani ya vishimo karibu na kichwa. Kwa spishi moja vinafanana na rungu, kwa nyingine na uzi, kwa nyingine na pia ya kusokotea. Mguuni kuna ukucha mmoja au mitatu? Unapima kila kitu kwa maikroni, ambayo ni sehemu moja ya elfu ya milimita, na hupimi mmoja bali kadhaa, ujue kipi ni tabia ya spishi na kipi ni umbo la mtu binafsi. Unachora yote kwa mkono, ukitumia kifaa kinachofungwa kwenye hadubini ili uone kidudu na ncha ya kalamu kwa wakati mmoja. Picha ya kamera haitoshi, maana huonyesha tabaka moja tu na kuacha mengine kwenye ukungu. Siku hizi wengine husoma na vinasaba, lakini bado mchoro unadaiwa.

Halafu inakuja sehemu ambayo mimi ingenishinda, nayo ni maktaba. Lazima ujiridhishe kwamba hakuna aliyekutangulia. Maelezo ya utitiri yametapakaa katika majarida ya Kijerumani, Kifaransa, Kiitaliano, Kirusi na Kiingereza, mengine ya zaidi ya miaka mia, mengine yenye michoro mibaya kiasi kwamba inafaa kwa utitiri watano tofauti. Ziko kanuni za kimataifa za majina ya wanyama, zinazohesabu kuanzia mwaka 1758, pale Mswidi Carl Linnaeus alipotoa toleo la 10 la kitabu chake. Humo utitiri wa unga, Acarus siro, alikuwa tayari na jina. Kanuni kubwa ni kwamba jina la kwanza ndilo jina. Ukimbatiza upya aliyekwisha batizwa, lako linakufa.

Mitego ni mingi. Utitiri kobe akianguliwa ana miguu sita tu, kisha hupita hatua tatu za utoto wenye miguu minane kabla ya kukomaa, na watoto wa spishi nyingi hawafanani kabisa na wazazi. Wataalamu wa zamani waliwapa baba na mtoto majina mawili wakidhani ni spishi mbili. Nani angewalaumu? Hata kiwavi na kipepeo, kama hujawafuga, utasema hawajuani.

Ukishapita yote hayo unachagua kielelezo kimoja, kimoja tu, kiwe shahidi wa jina. Kinawekwa katika makumbusho pamoja na karatasi inayosema kilipatikana wapi, lini, chini ya majani gani, nani alikiokota. Miaka mia baadaye, mtu akibisha, haulizwi aliyeandika, anaendewa shahidi. Jina lenyewe huwa la maneno mawili kwa sura ya Kilatini, na unaweza kumpa la mahali, la umbo, au la mtu unayemheshimu. Kanuni hazikuzuii kumwita kwa jina lako mwenyewe. Wenzako watakucheka tu.

Wa kwetu wamebatizwa na wageni, na mashahidi wengi wako ng'ambo. Msafara wa Mswidi Yngve Sjöstedt ulipokusanya wanyama Kilimanjaro na Meru mwaka 1905 na 1906, utitiri wake walielezwa na Ivar Trägårdh mwaka 1908. Berlese huyo huyo wa faneli alieleza utitiri wa Afrika Mashariki, na makusanyo yake yako Florence. Baadaye Mhungaria Sándor Mahunka, aliyefariki mwaka 2012, alieleza spishi nyingi za sehemu hii ya Afrika akiwa Budapest. Lipo jenasi linaloitwa Kilimabates, lililopewa jina mwaka 1965. Mswahili hahitaji kamusi kuliona neno lililojificha humo.

Sisemi kwamba tuliibiwa. Mtu akivuka bahari kuja kuchekecha majani yetu yaliyooza, tumpe haki yake. Lakini mwanafunzi wa Kitanzania anayetaka kujua kama utitiri aliye naye ni mpya analazimika kumwandikia mhifadhi wa makumbusho ya Ulaya na kusubiri jibu.

Msomaji wa mjini atauliza, na ana haki: jina la kidudu cha nusu milimita litapunguza bei ya unga? Kwa unga wa muhogo, jibu lipo, na tuache udongo kidogo tupande juu ya majani.

Mwaka 1971, nchini Uganda, jirani kabisa na Kyerwa ng'ambo ya mto Kagera, alionekana utitiri wa kijani kwenye mihogo ambaye Afrika haikumjua. Alikuwa ametoka Amerika ya Kusini, ambako tayari alikuwa na jina tangu mwaka 1938: Mononychellus tanajoa, aliyeelezwa huko Brazili na Gregório Bondar. Alienea karibu ukanda wote wa mihogo wa Afrika, Tanzania ikiwemo, na mahali pengine mkulima alipoteza theluthi ya mavuno au zaidi. Jina lile la 1938 ndilo lililosema kwao ni wapi, na kwa hiyo adui zake watafutwe wapi.

Taasisi ya kimataifa ya kilimo cha kitropiki, IITA, ilianza mwaka 1984 kuleta utitiri wawindaji kutoka Kolombia. Mamilioni waliachiwa mashambani, wakafa. Hali ya hewa haikuwa yao. Ndipo wakaenda kutafuta kaskazini mashariki ya Brazili, kwenye ukame unaofanana na wa kwetu. Mmoja wa wawindaji waliopatikana huko, aliyeota mizizi Benin mwaka 1989, alidhaniwa kuwa ni limonicus, spishi iliyoelezwa kutoka michungwa ya Kalifornia mwaka 1956. Walifanana kwa macho. Ilibidi Mbrazili Gilberto de Moraes na wenzake wachunguze tena vinyweleo na vipimo, na mwaka 1994 wakatangaza kwamba huyu wa mihogo ni mwingine kabisa, wakamwita manihoti. Fikiria hasara ya kufuata maandishi ya limonicus, anakula nini, anastahimili ukame gani, wakati uliye naye mkononi ni mwingine! Ni sawa na kutibiwa kwa cheti cha mgonjwa wa kitanda cha pili.

Aliyeleta nafuu kubwa zaidi alikuwa wa tatu, Typhlodromalus aripo, aliyeachiwa Benin mwaka 1993. Huyu mchana hujificha katika kichomozo cha juu cha muhogo na usiku huteremka kuwinda. Alisambaa hadi nchi zipatazo 20, na mkulima hakulipa hata senti. Yeye naye alikuwa ameelezwa mwaka 1967, kutoka kisiwa cha Trinidad, na mtu ambaye mihogo ya Afrika haikuwa shughuli yake.

Nilimpigia simu baba mdogo kumpa jibu. Nilimwambia wale wa chini ya nyasi si wale wa nyanya. Wengi wao ndio wanaozigeuza nyasi zake kuwa udongo, na wale wepesi wenye miguu mirefu huwinda vidudu vingine. Nikamweleza kwamba katika miaka ya 1950 Waingereza walitia DDT udongoni wakapima kilichotokea: utitiri wawindaji walipungua sana, na wale weupe wanaoruka, waliokuwa wakiliwa nao, wakafurika. Dawa ilisafisha upande mmoja na kuchafua mwingine.

"Kwa hiyo nisiweke?" akauliza.

Nilimwambia fukusi ni adui wa kweli, sitaki kumdanganya mara ya pili. Lakini yako mambo ya kufanya kabla ya chengachenga: kupanda machipukizi safi yaliyomenywa mizizi, kukata vipande vya mgomba na kuvitega chini usiku ili fukusi wajikusanye humo, kisha kuwaokota asubuhi, na kutoacha magogo ya migomba iliyovunwa yakikaa mazima. Amwone bwana shamba kabla ya kumwona mwenye duka.

"Na wale kobe wanaitwaje?"

Nikamwambia sijui. Huenda wana jina na sisi hatujalifikia. Huenda kuna mmoja asiyeelezwa popote duniani, anayekula majani yake kila siku. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama kile kichupa bado ninacho.

Ninacho. Kiko kabatini kwangu, nimekiongezea spiriti mara mbili. Ndani yake kuna kikaratasi kilichoandikwa kwa penseli, maana wino wa kalamu unayeyuka: Songambele, Kyerwa, Kagera, chini ya nyasi na majani ya migomba, pamoja na tarehe na jina la baba mdogo kama mwokotaji. Mstari wa spishi nimeuacha wazi.